Mwanga Unaotabiri Giza

Watu wengi wanaoandika kuhusu maada ya giza huanza na wingi wake, na wingi huo kweli unashangaza. Vipimo vya satelaiti ya Planck vinaonyesha kwamba kwa kila fungu moja la maada ya kawaida, yaani maada ya atomi iliyounda mawe, mahindi, miili yetu na nyota zote, kuna mafungu yapatayo matano ya maada ambayo haitoi mwanga, haiumezi wala haiuzuii. Hata hivyo, kwa muda wote ambao nimekuwa nikisoma habari hizi na kuwafundisha vijana fizikia hapa Mbeya, si wingi huo unaonikosesha usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba katika galaksi zenye umbo la sahani, kama hii tunayoishi, mtu akinipa ramani ya nyota na gesi peke yake, ninaweza kumwambia kwa usahihi mkubwa jinsi nguvu yote ya mvutano ilivyo katika kila sehemu ya galaksi hiyo, pamoja na ile inayotokana na maada isiyoonekana. Sehemu ndogo inatabiri tabia ya sehemu kubwa. Ningependa kueleza jinsi wanaastronomia walivyolifikia jambo hilo, na kwa nini naona kwamba ndilo swali zito zaidi katika habari nzima ya maada ya giza.

Anayeishi Nyanda za Juu Kusini ana nafasi nzuri ya kulianza swali hili kwa macho yake mwenyewe. Wakati wa kipupwe, ukipanda kutoka Chimala kwa barabara inayoitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake, ukapita Matamba na kuingia Kitulo, unafika kwenye uwanda ulio zaidi ya meta 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hakuna taa za mji na hewa ni kavu. Katikati ya Julai, mnamo saa tano usiku, Njia Nyeupe hupita karibu na utosini, na kitovu cha galaksi yetu, kilicho upande wa kundinyota la Mshale, huwa takriban nyuzi 20 tu kusini mwa utosi. Watu wa Ulaya ya kaskazini hukitafuta kitovu hicho chini kabisa karibu na upeo wa macho, ilhali sisi tunakipata juu ya vichwa vyetu.

Ndani ya ukanda ule mweupe kuna mabaka meusi makubwa, na karibu kila mtu niliyesimama naye pale ameniuliza kama hayo ndiyo maada ya giza yenyewe. Siyo. Mabaka yale ni mawingu ya gesi na vumbi, maada ya kawaida kabisa, ambayo huonekana meusi kwa sababu yanaziba mwanga wa nyota zilizo nyuma yake. Maada ya giza haizibi chochote. Mwanga hupita ndani yake kana kwamba haipo, na njia pekee ambayo hadi sasa imetuwezesha kuitambua ni mvutano wake juu ya vitu tunavyoviona.

Kwa hiyo tunapaswa kupima mvutano. Jua letu liko umbali wa takriban miaka nuru 26,000 kutoka kitovu cha galaksi, na linakizunguka kwa kasi ya kama kilomita 230 kwa sekunde, kasi ambayo pamoja na ukubwa wake bado inalifanya lichukue zaidi ya miaka milioni 200 kukamilisha mzunguko mmoja. Kanuni tunayohitaji ni ile ile ya kidato cha tano: kitu kinachozunguka kwenye duara kina mchapuko, yaani badiliko la kasi ambalo hapa husababishwa na mvutano, unaoelekea katikati, na mchapuko huo ni mraba wa kasi ukigawanywa kwa umbali kutoka katikati. Ukiingiza tarakimu za Jua unapata meta 2 kwa sekunde mraba zilizogawanywa kwa bilioni 10. Ni mvutano hafifu mno, kwa kuwa ule tunaousikia miguuni mwetu hapa duniani unauzidi karibu mara bilioni 50. Naomba msomaji aikumbuke namba hii, maana itarudi.

Katika mfumo wa Jua, karibu masi yote imo ndani ya Jua lenyewe, na ndiyo sababu sayari za mbali hutembea polepole. Utaridi hukimbia kwa kilomita 48 kwa sekunde, Dunia kwa 30, na Neptuni iliyo mbali kabisa kwa zaidi kidogo ya 5. Kasi hupungua kwa kipeuo cha pili cha umbali, ukienda mara nne mbali zaidi kasi inakuwa nusu. Mwanga wa galaksi ya sahani nao umejikusanya katikati na kufifia haraka kuelekea pembeni. Kama masi ingefuata mwanga, basi nyota na gesi za pembezoni zingepaswa kwenda polepole vivyo hivyo.

Haziendi polepole. Mwaka 1933 Fritz Zwicky alikuwa ameshaona kwamba galaksi za kundi la Coma zinakimbia kupita kiasi kwa masi inayoonekana, lakini kwa upande wa galaksi moja moja ushahidi ulijengeka taratibu. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya mzunguko wa Andromeda, galaksi ambayo sisi wa Mbeya huiona upande wa kaskazini jioni za Novemba pale mawingu ya vuli yanaporuhusu. Mwaka huo huo Ken Freeman wa Australia, akichambua jinsi mwanga wa sahani unavyopungua kuelekea nje, aliandika kwamba vipimo vya baadhi ya galaksi vinadai kuwepo kwa masi zaidi ambayo haijaonekana. Mwaka 1978 Albert Bosma alitumia darubini ya redio ya Westerbork, Uholanzi, kufuatilia gesi ya hidrojeni mbali kupita mwisho wa nyota, na mwaka 1980 Rubin, Ford na Norbert Thonnard wakatoa vipimo vya galaksi 21. Kasi zilipanda kutoka katikati, kisha zikabaki karibu pale pale hadi mahali vipimo vilipokomea.

Ninapofundisha, huwa nachagua galaksi moja tu na kukaa nayo, na galaksi hiyo ni NGC 3198. Nyota zake zimetandazwa katika sahani nzuri isiyo na vurugu, na gesi yake ya hidrojeni inaenea mbali sana kupita nyota. Hidrojeni hiyo hutoa mawimbi ya redio yenye urefu wa sentimeta 21, na kwa athari ya Doppler mawimbi hayo hufupika kidogo upande wa galaksi unaotukaribia na kurefuka upande unaotukimbia, hivyo kasi ya mzunguko husomeka kwa kila umbali. Mwaka 1985 Tjeerd van Albada na wenzake walionyesha kwamba kasi ya galaksi hiyo inafika kama kilomita 150 kwa sekunde na kubaki hapo hadi umbali wa karibu miaka nuru 100,000 kutoka katikati, mahali ambapo mwanga wa nyota umeshakwisha kabisa. Walihesabu kwamba ndani ya eneo hilo maada ya giza ni angalau mara nne ya ile inayoonekana. Hebu tuikague hesabu hiyo kwa juu juu: ikiwa masi inayoonekana ni fungu moja kati ya matano, na mraba wa kasi unakwenda na masi, basi inayoonekana peke yake ingezungusha gesi ile kwa 150 ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 5, yaani chini kidogo ya kilomita 70 kwa sekunde. Gesi yenye kasi mara mbili ya hiyo ingekuwa imetawanyika zamani kama kusingekuwa na kitu kingine cha kuishika.

Kitu hicho tunakiita halo, wingu kubwa la maada ya giza ambalo sahani yote ya nyota imo ndani yake.

Wengi huishia hapa, na kwao habari imekamilika: kuna giza, ni jingi, linashika galaksi. Mimi naona kwamba hapa ndipo habari inapoanza. Katika NGC 3198, nyota zikipewa masi kubwa kadiri vipimo vinavyoruhusu, zinaweza kueleza karibu mvutano wote wa sehemu za ndani, na maada ya giza inatawala sehemu za nje. Maana yake ni kwamba mchango wa nyota unapoanza kushuka, mchango wa halo unapanda kwa kiasi kile kile hasa kinachohitajika, na mchoro wa kasi unapita kutoka eneo la nyota hadi eneo la giza bila bonde wala kilima kinachotuonyesha mpaka. Sahani na halo ni vitu viwili vya asili tofauti, kimoja kimetokana na gesi iliyopoa na kutulia kwenye bapa, kingine hakiwezi kupoa kwa kutoa mwanga na kwa hiyo kimebaki kimevimba pande zote. Hakuna sababu ya wazi ya kuvifanya vikabidhiane kazi kwa ulaini namna hiyo. Wanaastronomia wa miaka ya 1980 waliliita jambo hili njama ya sahani na halo, na jina hilo linaonyesha jinsi lilivyowasumbua.

Likasumbua zaidi galaksi nyingi zilipolinganishwa. Mwaka 1977 Brent Tully na Richard Fisher walikuwa wameonyesha kwamba mwangaza wa galaksi ya sahani na kasi yake ya mzunguko vinakwenda pamoja kwa ukaribu kiasi kwamba ukipima kimoja unakijua kingine. Baadaye Stacy McGaugh na wenzake waliongeza gesi kwenye hesabu, kwa sababu kuna galaksi ndogo ambazo gesi yake ni nyingi kuliko nyota, na uhusiano ukazidi kunyooka: masi yote ya kawaida inakwenda na kasi iliyopandishwa kipeo cha nne. Galaksi inayozunguka kwa kilomita 100 kwa sekunde ina masi ya kawaida kama mara bilioni 5 ya Jua, na inayozunguka kwa 200 ina mara 16 ya hiyo, karibu bilioni 80.

Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri kwa galaksi mbili, NGC 2403 na UGC 128. Mwangaza wao kwa jumla ni karibu sawa, na kasi yao ya pembezoni ni karibu sawa pia, kama kilomita 130 kwa sekunde. Lakini nyota za UGC 128 zimetawanywa katika sahani ambayo ni takriban mara tatu kwa upana, kiasi kwamba uso wake ni hafifu na ni vigumu kuupiga picha. Sheria ya Newton inasema kwamba masi ile ile ikitawanywa mbali zaidi, mvutano wake unapungua na kasi inashuka. Tungetegemea basi UGC 128 izunguke polepole kuliko mwenzake, na haizunguki polepole. Mtu anaweza kujibu kwamba nyota ni kitu kidogo, halo ndiyo inayoamua kasi, na kutawanyika kwa nyota hakubadilishi chochote. Jibu hilo lingetosha kama nyota zingekuwa hazina uzito popote. Katika NGC 2403, hata hivyo, zimesongamana kiasi kwamba mvutano wake sehemu za ndani ni mkubwa, kwa hiyo halo ya galaksi hiyo lazima ichangie pungufu mahali hapo, na halo ya UGC 128 ichangie zaidi, ili mwishowe zote mbili zikutane kwenye kasi moja. Kila galaksi inaonekana imepewa kiasi cha giza kinachofidia mtawanyiko wa nyota zake.

Mwaka 2016 Federico Lelli, McGaugh na James Schombert walichapisha mkusanyiko wa galaksi 175 unaoitwa SPARC. Mwanga wa nyota umepimwa na darubini ya anga Spitzer katika infraredi, kwenye mawimbi ya mikromita 3.6, ambako vumbi halizibi sana na mwanga unafuata vizuri masi ya nyota za kale ambazo ndizo nyingi. Kasi zimetokana hasa na hidrojeni. Nafurahi sana kwamba majedwali yake yamewekwa mtandaoni bure, kwa maana mwalimu wa Mbeya mwenye kompyuta moja na kifurushi cha intaneti anapata takwimu zile zile anazotumia profesa wa Cleveland, Marekani. Niliyapakua, nikayagawa kwa wanafunzi wangu wa kidato cha sita, kila kundi galaksi zake, na kazi ikawa hii: kwa kila umbali, pateni mchapuko ambao nyota na gesi peke yake zingesababisha, kisha pateni mchapuko halisi kutokana na kasi iliyopimwa, halafu wekeni nukta moja kwenye karatasi ya grafu, ya kwanza kwenye mhimili wa ulalo, ya pili kwenye wima.

Kundi moja lilikuwa na galaksi kubwa zenye kung'aa, jingine lilikuwa na vibete, yaani galaksi ndogo, vilivyojaa gesi, na walikuwa wameshajiandaa kunionyesha michoro isiyofanana. Tulipozihamishia nukta zote kwenye karatasi moja kubwa ya ukutani, zilijipanga kwenye mkondo mmoja. Msichana mmoja alisimama mbele ya karatasi ile kwa muda, kisha akauliza, "Mwalimu, sasa hii maada ya giza imejuaje nyota ziko wapi?" Sijasikia swali hilo likiulizwa vizuri zaidi ya hapo.

Watafiti wenyewe, wakitumia galaksi 153 na nukta 2,693, walipata kile kile kwa ustadi mkubwa zaidi. Pale mchapuko ulipo mkubwa, nukta zinakaa kwenye mstari wa usawa, yaani nyota na gesi zinaeleza kila kitu na giza halihitajiki. Mchapuko unaposhuka kufikia kama meta 1.2 kwa sekunde mraba ikigawanywa kwa bilioni 10, nukta zinaanza kuuacha mstari huo, na kadiri mchapuko unavyozidi kupungua ndivyo giza linavyozidi kutawala. Msomaji ataona kwamba Jua letu, kwa ile hesabu tuliyofanya juu, liko juu kidogo tu ya kizingiti hicho: tunaishi karibu na eneo ambako nyota zinaanza kukabidhi kazi kwa giza. Na mtawanyiko wa nukta kuzunguka mkondo ni mdogo mno, sehemu kubwa yake ikielezeka kwa makosa ya kawaida ya vipimo.

Nimetafuta namna ya kueleza ugeni wa jambo hili kwa mtu asiye na fizikia, na huwa namwomba afikirie jiji la Mbeya usiku likitazamwa kutoka mteremko wa Loleza. Taa zinatuonyesha palipo na umeme, na watu wengi wamelala gizani ambako hakuna taa. Sasa chukua kwamba umepewa picha ya taa hizo tu, na kwa kanuni moja isiyobadilika unaweza kutaja idadi ya watu katika kila mtaa, kuanzia Soweto hadi Uyole, pamoja na mitaa isiyo na taa hata moja, na kanuni hiyo hiyo inafaa Iringa, Njombe na Songea bila kurekebishwa. Hakuna atakayeamini kwamba ni sadfa. Lazima kuna kitu kinachowaunganisha wenye taa na wasio na taa.

Uhusiano huo haupo kwa wastani tu, uko hadi kwenye vitu vidogo. Renzo Sancisi aliwahi kuliweka jambo hili kama kanuni mwaka 2004: kila palipo na badiliko kwenye mgawanyo wa mwanga, kuna badiliko linalolingana nalo kwenye mchoro wa kasi, na kinyume chake. Mfano unaotajwa mara nyingi ni NGC 1560, galaksi ndogo yenye gesi nyingi. Mahali fulani kwenye sahani yake gesi inapungua kisha inaongezeka tena, na mchoro wa kasi nao una tetemeko dogo mahali pale pale, tetemeko lililoonekana kwenye vipimo vya mwaka 1992 na kuthibitishwa na vipimo vizuri zaidi vya mwaka 2010. Katika galaksi hii maada ya giza inatawala. Halo ni laini na imevimba pande zote, haina bonde la namna hiyo, kwa hiyo ilipaswa kuufunika mchango mdogo wa gesi usionekane. Mfano mmoja hauthibitishi kanuni, na zipo galaksi ambazo mchoro wake hausomeki vizuri hivi, lakini siwezi kuupita mfano huu kana kwamba haupo.

Maelezo yanayotolewa ni ya aina mbili, na ningependa kuyatendea haki yote.

Aina ya kwanza inashikilia kwamba maada ya giza ni chembe halisi na uhusiano huu ulizaliwa wakati galaksi zinaumbika. Halo hutangulia, gesi huangukia ndani yake, hupoa, hutulia kwenye sahani na kuzaa nyota. Halo kubwa huvuta gesi nyingi, kwa hiyo si ajabu kwamba wingi wa nyota unakwenda na kasi. Zaidi ya hapo, nyota na giza huathiriana. Gesi inayokusanyika katikati huivuta maada ya giza ndani kidogo. Nyota kubwa zinapolipuka kama supanova husukuma gesi nje kwa nguvu, mvutano wa katikati hulegea, kisha gesi hurudi, na tendo hilo likijirudia mara nyingi huitikisa maada ya giza hadi inasambaa kutoka kitovuni. Andrew Pontzen na Fabio Governato waliieleza njia hiyo mwaka 2012, na inatoa jibu la kuridhisha kwa nini galaksi nyingi ndogo hazina msongamano mkali wa giza katikati, msongamano ambao hesabu za Julio Navarro, Carlos Frenk na Simon White za miaka ya 1990 zilikuwa zimeutabiri. Mifano ya kompyuta inayojumuisha mambo haya inatoa mkondo unaofanana na ule wa kwenye karatasi yetu. Tatizo ni kwamba supanova ni fujo, na sioni bado kwa uwazi jinsi fujo inayotofautiana kutoka galaksi moja hadi nyingine inavyoacha uhusiano wenye mtawanyiko mdogo kiasi kile.

Aina ya pili inasema kwamba hakuna giza, ila sheria ya mvutano yenyewe inabadilika pale mchapuko unapokuwa hafifu. Mordehai Milgrom wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, alilipendekeza hilo mwaka 1983, na heshima anayostahili ni kubwa, kwa sababu kipeo cha nne na tabia ya galaksi zenye uso hafifu kama UGC 128 vilitokana na pendekezo lake kabla ya vipimo bora kupatikana. Mtu anayetabiri kabla ya kupima anapaswa kusikilizwa. Hata hivyo, pendekezo lake linakwama katika makundi makubwa ya galaksi, ambako hata baada ya kubadilisha sheria bado masi inayoonekana haitoshi. Linapata shida pia mbele ya Kundi la Risasi, makundi mawili yaliyogongana, ambako vipimo vilivyochapishwa mwaka 2006 vilionyesha kwamba gesi moto, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada ya kawaida, imebaki nyuma katikati huku sehemu kubwa ya mvutano ikiwa imesonga mbele pamoja na galaksi. Na mnururisho wa kale unaojaza anga lote una mpangilio wa mawimbi unaoelezeka vizuri ikiwa maada ya giza ilikuwepo tangu ulimwengu ukiwa na miaka 380,000.

Uamuzi wangu, kwa ushahidi uliopo, ni kwamba maada ya giza ipo. Lakini sikubaliani na wale wanaoutaja uhusiano wa nyota na giza kama jambo dogo litakalojieleza lenyewe kompyuta zikipata nguvu zaidi. Namba moja ya mchapuko inajitokeza katika galaksi kubwa na ndogo, zenye kung'aa na zilizofifia, na haimo kati ya namba tunazoziingiza tunapoanza hesabu za chembe za giza. Nadharia itakayotosheleza lazima itoe namba hiyo, na itoe pia sababu ya mtawanyiko kuwa mdogo. Majaribio ya kuzinasa chembe hizo chini ya ardhi, yakitumia matangi ya gesi ya zenoni iliyogeuzwa kuwa kimiminika yaliyofichwa ndani ya milima na migodi, hayajazipata hadi leo, na hilo linalipa suala la galaksi uzito zaidi kwa kuwa ndiko tunakoiona maada ya giza ikifanya kazi.

Vipimo vya kuamua vinaweza kutoka karibu nasi. Darubini ya redio MeerKAT ya Afrika Kusini, yenye masahani 64 katika jangwa la Karoo, inapima hidrojeni ya galaksi 30 za jirani kwa undani mkubwa katika mradi unaoitwa MHONGOOSE, na itaunganishwa ndani ya SKA, darubini kubwa ya redio ya kimataifa inayojengwa Afrika Kusini na Australia, ambayo Zambia na Msumbiji ni miongoni mwa nchi washirika wake wa Kiafrika. Kutoka Mbeya hadi mpaka wa Zambia pale Tunduma ni safari ya saa chache tu. Natamani kwa moyo wote vijana wetu waingie kwenye kazi hii, kwa sababu hisabati yake ya mwanzo wameshaimudu.

Swali ninalolisubiri zaidi ni la pembezoni kabisa. Ikiwa halo ina mwisho, kasi lazima ianze kushuka mahali fulani. Mwaka 2024 Tobias Mistele, McGaugh na wenzao walitumia jinsi mvutano wa galaksi unavyopinda mwanga wa galaksi zilizo nyuma yake, na kwa wastani wa galaksi nyingi hawakuona kushuka huko hadi kufikia miaka nuru zaidi ya milioni 3, mbali sana kuliko nilivyotarajia. Darubini ya Vera C. Rubin huko Chile, iliyoonyesha picha zake za kwanza mwaka 2025, itapima kupinda huko kwa galaksi nyingi zaidi katika anga la kusini. Ikiwa itaonekana kwamba kasi inashuka, na inashukia umbali tofauti kulingana na masi ya halo, maelezo ya kwanza yatakuwa yamepata nguvu yaliyoikosa. Vibete vyenye gesi nyingi kuliko nyota ndivyo nitakavyoviangalia kwanza, kwa kuwa humo supanova ni chache na hakuna mengi ya kusingizia.